Harufu Chini ya Sambaza

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na gari letu ndilo lililokuwa bovu kuliko yote pale Gihundwe. Sisemi hivi kumsingizia. Kinyozi hajinyoi, na fundi mwenye wateja wanaomngoja uani hana saa ya kulifungua gari la mkewe. Lilikuwa gari dogo lenye buti refu, rangi ya kijani iliyopauka, na mwenye kuliendesha nilikuwa mimi. Kila siku ya soko nilitoka alfajiri kwenda Nkanka kupokea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka kwa wavuvi waliokuwa wakifika ufukoni. Nilizishusha mpaka Muganza, kule tambarare ambako watu wana mpunga na hawana ziwa. Mchana nilipanda mlima kurudi Kamembe na magunia ya mchele.

Kushuka hakukuwa na neno. Kupanda ndiko kulikokuwa kunanila roho. Barabara ile ni ya kona juu ya kona, na wanaoipanda si mimi peke yangu. Kiwanda cha saruji kiko hukohuko Muganza, na malori yake hupanda yakiwa yameshiba. Lori la saruji likishapata mwendo wake mlimani, dereva hapendi kuupoteza, kwa kuwa kuurudisha ni kazi. Ukizimikiwa na gari mbele yake, upande mmoja una ukuta wa mlima, upande mwingine una bonde, na nyuma una hilo lori. Niliogopa kufa pale. Nilikuwa na watoto watatu, na kila nilipofika chini ya ule mlima niliwataja mmoja mmoja moyoni.

Gari lilianza kuchoka kidogo kidogo. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Mlimani, na mzigo juu yake, nilikuwa nikikanyaga mafuta mpaka sakafuni na lenyewe likinguruma tu, mwendo ukishuka. Pamoja na uchovu huo ilikuja harufu, ya mayai viza. Ilipanda kutoka chini ya miguu yangu kila nilipolilazimisha gari, ikakaa kooni. Nilianza kuendesha madirisha yote yakiwa wazi, hata mvua ikinyesha, nikafika nyumbani bega moja limelowa.

"Papa, gari iko nanuka," nilimwambia mume wangu jioni moja. "Iko nanuka mayai ya kuoza."

"Ni sambaza yako ile."

"Sambaza najua harufu yake."

"Weye ulisha zoea. Muntu wa samaki hawezi jua nini inanuka na nini hainuke."

Alisema huku akicheka, na mafundi wenzake waliokuwa wakinywa chai uani wakacheka pia. Tangu siku hiyo nikawa na jina: Maman Pua. Mwanzoni nilicheka nao. Baada ya wiki tatu sikucheka tena, maana gari lilikuwa linazidi na jina lilikuwa linazidi.

Sitaki kumwonea. Alijaribu. Alibadilisha chujio la mafuta. Alizitoa buji, yaani plagi, zote nne, akazipiga msasa, akazirudisha. Akasema ni petroli ya kuchanganywa, nibadilishe ninaponunua, nami nikabadilisha. Kila alipomaliza alilizungusha gari pale Gihundwe, barabara ya shule, buti tupu, akarudi akisema limepona. Mimi nikamwambia gari hili haliumwi Gihundwe, linaumwa mlimani na mchele mgongoni. Akanijibu kwamba nisimfundishe kazi. Kwa kweli alikuwa fundi mzuri, mwenye mikono iliyojua nati bila kuiangalia, na mimi niliiheshimu mikono ile. Ila masikio yake kwangu yalikuwa yamefungwa.

Hapa lazima niseme habari ya majani ya mpunga, maana bila hayo hadithi hii isingekuwapo. Uani kwetu hapakuwa na shimo la fundi. Palikuwa na udongo mwekundu, na huku kwetu Rusizi mvua haina haya. Mume wangu alikuwa analala kwenye tope kila siku, na usiku anakohoa. Kule Muganza, wakishapura mpunga, majani yake yanabaki malundo kando ya mashamba na hakuna anayeyahesabu kitu. Nikaanza kumletea robota moja kila safari. Alilitandaza chini ya gari, akalala juu yake kazini, na likilowa alilitupa akatandaza jingine. Kikohozi kikaisha. Mafundi wa Kamembe walikuja kuangalia godoro la fundi mwenzao, wakamtania kwamba siku moja atasinzia chini ya gari la mteja. Mimi nilijivunia. Nilikuwa nimempa kitu ambacho hakuna fundi mwingine mjini aliyekuwa nacho.

Siku yenyewe ilikuwa kavu, jua kali. Nilikuwa na magunia sita ya mchele na robota la majani juu yake. Kwenye kona ya tatu baada ya kuiacha tambarare, gari likaanza. Nikarudi gia ya pili, nikarudi ya kwanza. Nyuma yangu kwenye kioo kulikuwa na lori, pua yake imejaa kioo chote, na honi yake ilikuwa ndefu. Nilikanyaga. Gari likanguruma, likatetemeka, likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma.

Breki ya mkono haikutosha kwa mzigo ule. Nilisimama juu ya breki ya mguu kwa miguu yote miwili. Sikuweza kushuka, sikuweza kuwasha, sikuweza hata kugeuza shingo. Nilisikia breki za lori zikilia, kisha kimya, kisha mlango mzito ukifunguliwa. Nikangoja kugongwa. Badala yake nikasikia kitu kikisukumwa chini ya gurudumu langu la nyuma.

Alikuwa dereva mwenyewe wa lori, mtu wa makamo, amevaa kofia iliyojaa vumbi la saruji. Alikuwa ameweka kipande cha mti.

"Achilia breki, Maman. Pole pole. Haitarudi."

Niliachilia. Gari likakaa. Akazunguka nyuma, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba la moshi, akaniambia niwashe. Nikawasha.

"Haipumue," alisema. "Moshi inatoka kidogo sana. Halafu inanuka. Weye hausikie hii harufu?"

Nilitaka kulia. Nikamwambia ninaisikia tangu miezi miwili.

"Ni katalizere. Imezibika. Ambia fundi wako aangalie katalizere."

Akanieleza kwa mikono yake. Katikati ya bomba la moshi kuna kopo la chuma, na ndani ya kopo kuna kitu kama sega la nyuki, chenye matundu madogo madogo, ambacho moshi hupita ndani yake ukasafishwa. Matundu yakiziba, gari linavuta pumzi halina pa kuitolea. Unavyolikanyaga zaidi ndivyo linavyojisonga. Tulingoja lipoe, tukashusha magunia mawili nikayaacha kwenye nyumba ya kando ya barabara, nikapanda kwa gia ya kwanza na lori lile nyuma yangu, likinifuata taratibu mpaka juu bila honi hata moja. Sikumjua jina lake, na sikumwona tena. Mungu amlipe.

Nilifika nyumbani gari likiwa linatoa joto ambalo nililisikia kwenye nyayo kupitia sakafu. Mume wangu alikuwa ameinamia injini ya mteja, mwenyewe akiwa kando.

"Nimezimikiwa mu mulima," nilimwambia. "Lori iko nyuma yangu. Dereva amesema ni katalizere."

Akaiweka spana chini. Akainuka, akafuta mikono.

"Amesema ivyo? Amesikia harufu?"

"Nilisha kuambia hiyo harufu miezi mbili."

"Eh. Lakini yeye ni muntu wa magari."

Labda hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yale yalinichoma kuliko kona ile. Mtu wa dakika kumi barabarani, pua yake ilikuwa pua. Yangu ilikuwa ya kuchekwa wakati wa chai. Nilihisi hasira ikipanda mpaka masikio yakaziba. Akasema ataliangalia kesho, likishapoa. Ndiyo ilikuwa kanuni yake, na kila fundi anaijua: bomba la moshi haliguswi likiwa na moto. Nikamwambia, mbele ya mteja wake, kwamba sitangoja hata dakika moja. Kesho yake ingeweza kunikuta nimezikwa. Aingie sasa hivi au niite fundi mwingine.

Mteja akaangalia pembeni. Mume wangu akakaza midomo. Akainua gari upande mmoja kwa jeki, akaweka magogo, akalikata robota nililokuja nalo siku ileile, majani makavu yenye harufu ya jua, akayatandaza vizuri mpaka chini ya bomba. Akaingia chali. Mimi nikakaa kwenye usukani.

"Tia moto," alisema kutoka chini, nami nikawasha. "Kanyaga kidogo, nisikie fasi inaziba."

Nikakanyaga. Akagonga kopo kwa mpini wa bisibisi, akasema nikanyage tena. Nikakanyaga zaidi ya alivyoniomba. Akasema inatosha, nikaachia, kisha nikakanyaga tena peke yangu. Naandika ukweli: nilitaka ile harufu imwingie puani mpaka atapike. Nilitaka aisikie mpaka ashibe. Injini ilikuwa inalia, na mayai viza yalijaa ndani ya gari, na mimi nilikuwa nafurahi.

Halafu nikasikia harufu nyingine. Ilikuwa tamu kidogo, kavu, harufu ya Muganza baada ya mavuno wanapochoma mashamba. Niliijua saa ileile. Niliijua kama ninavyolijua jina langu.

Na nilinyamaza.

Haikuwa muda mrefu, pumzi mbili labda. Nimezirudia pumzi hizo maishani mwangu mara nyingi kuliko sala nyingine yoyote. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka kusema nasikia harufu. Neno lilikuwa mdomoni, na nikawaza: atasema ni sambaza.

Kisha akaita jina la Mungu kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Nilizima injini, nikaruka nje. Moshi mweupe ulikuwa unatoka chini pande zote, na ndani ya moshi palikuwa na wekundu. Miguu yake ilikuwa nje, ikipiga udongo. Nikaishika vifundoni nikavuta. Hakuja. Shati lake lilikuwa limenasa kwenye kitu huko chini, na majani yalikuwa yanateleza chini ya mgongo wake, hana pa kujishikia. Basi akajishikia pale palipokuwapo. Aliweka viganja vyote viwili kwenye lile bomba, akajisukuma.

Shati likachanika, akatoka. Mteja alikuwa anakuja na sepetu ya udongo. Mimi nikakamata kilichokuwa karibu, beseni langu la samaki kwenye buti, bado lina maji ya asubuhi na sambaza chache zilizobaki, nikalimwaga chini ya gari. Nikamwaga na la pili. Bomba likapiga kelele ya mvuke, na ndani ya lile kopo tukasikia kitu kikipasuka, pa, kama sahani. Moto ukafa.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye tope la maji yale, magamba ya samaki kwenye suruali yake, mikono ameiinua mbele ya uso akiitazama. Hakuwa analia. Aliigeuza, akaigeuza tena, kama mtu anayesoma barua.

Hospitalini walimfunga bandeji kuanzia vidole mpaka viwiko. Muuguzi, mama mpole, alinivuta kando. Wa kushoto utapona, alisema. Wa kulia ngozi itaota, lakini vidole hajui kama vitakunjika. Aliniuliza bwana wangu anafanya kazi gani.

Wiki zilizofuata mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimfunga vifungo. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. Wateja walikuja kumpa pole, wakaondoka na magari yao. Gari langu lilikaa uani juu ya magogo, jeusi upande mmoja. Sambaza ziliuzwa na wengine. Usiku nilimsikia akijaribu kukunja vidole chini ya shuka, akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, akiishia hapo.

Asubuhi moja nikamwambia nitalitengeneza mimi.

Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunipa spana mkononi, hata ya kumpelekea. "Utavunja bulo," alisema, maana yake nati.

"Basi unionyeshe namna ya kutovunja."

Nilivuka daraja la mpakani kwenda Bukavu kutafuta katalizere iliyotolewa kwenye gari lililokatwakatwa. Mume wangu alinipa onyo moja tu: wapo wanaotoboa kopo, wanatoa sega na kuliuza kivyake, kisha wanakuuzia kopo tupu. Muuzaji wa kwanza alinipa zuri, limepakwa rangi. Nikaliinua kuelekea ziwa, nikafumba jicho moja, nikachungulia. Mwanga ukaja wote kwa pamoja, mweupe, kama kwenye bomba la maji. Nikamrudishia. La pili lilikuwa limechakaa nje, lakini nilipochungulia, mwanga uliingia kwa vitone vidogo vidogo visivyohesabika, kila kimoja mahali pake. Nikalikumbatia.

"Maman, bwana yako ni fundi?" muuzaji aliniuliza.

"Fundi ni miye," nilimjibu, na nikatoka upesi kabla hajaniuliza lingine.

Nilikuwa nimekwisha kuzilowesha nati kwa mazuti, ile dizeli, siku mbili. Majani sikuyataka hata kuyaona. Nilitandaza bati kuukuu, nikalala juu yake, na baridi yake ikaniingia mgongoni. Mume wangu alikaa kwenye kigoda kando ya gurudumu, mikono yake miwili myeupe kwa bandeji juu ya magoti. Hakuweza kuona kilichokuwa mbele ya uso wangu. Alichokuwa nacho ni maneno yangu tu.

"Uko naona nini?"

"Bulo tatu mbele. Mbili ziko sawa. Moja imekulwa na kutu."

"Hiyo ya kutu uiache mwisho. Mbele yake kuna kintu kidogo iko na waya, inapima moshi. Toa hiyo kwanza. Ukikata waya, tumekwisha."

Nikaitoa. Kutu ilinidondokea machoni na mdomoni. Nati ya kwanza ilikataa, nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote.

"Hapana. Usipigane nayo. Kaza kidogo kwanza, halafu urudishe. Nusu. Mafuta tena. Nusu."

Nikakaza, nikarudisha. Ikalia, ikaachia. Ya pili ikaja. Kwa ile ya kutu nilianza kuhema. Ikivunjika ndani, ingebidi bomba lote likatwe, na mtu wa kulikata alikuwa na bandeji. Aliisikia pumzi yangu.

"Pumzika," alisema. "Iko inakuambia nini, mu mukono?"

Niliihisi. Nikamwambia inazunguka kwa ulaini usio wa kawaida, kama mkate. Akasema inakaribia kukatika, nirudi nyuma. Tuliendelea hivyo, robo mbele, robo nyuma, jua likahama kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Hakunikatiza. Kila nilichosema nimekihisi, alikichukua kilivyo, akafikiri, akajibu. Ilipotoka nzima niliilaza kifuani nikafumba macho.

Kopo la zamani lilipoanguka mikononi mwangu lilikuwa linacheza ndani. Nikatoka nalo, nikalielekeza juani ili wote wawili tulione. Sega halikuwapo. Palikuwa na bonge, limeyeyuka na kugandamana, jeusi na linang'aa, na ufa mkubwa katikati, pale maji yangu ya samaki yalipolipiga. Mwanga haukupita hata kitone.

Mume wangu akasogeza uso, akalichungulia.

"Hii haikuziba yenyewe," alisema. "Hii iliungua. Petroli ilikuwa inakuja mubichi, inaungulia mu ndani." Akaonyesha injini kwa kidevu. "Usifunge ile mupya kwanza. Ukiifunga sasa nayo itakufa. Fungua mbele. Tupa blanketi yulu ya injini, weye uingize kichwa."

Nilifungua kifuniko cha injini, nikaifunika pamoja na kichwa changu kwa blanketi, giza likawa giza. Binti yetu mkubwa akatumwa kugeuza ufunguo. Nikaona. Kwenye waya wa buji ya tatu, mahali palipofungwa kwa utepe wa gundi, cheche ndogo ya buluu ilikuwa inaruka nje kwenda kwenye chuma, badala ya kwenda ndani kuwasha petroli. Nilimwambia nilichoona. Nilimwambia pia kwamba mtu amepafunga kwa skochi.

"Ni miye," alisema.

Nilitoa kichwa kwenye blanketi.

"Kabla ya harufu kuanza. Waya ilipasuka. Nikasema nitanunua ingine kesho. Halafu nikasahau. Uliponiambia gari inanuka, nilikumbuka. Nilikumbuka, Maman. Nilisafisha buji, nikaona ile skochi, nikairudisha. Nilipata haya. Nikasema ni sambaza."

Nilikuwa na haki ya kupasuka. Miezi miwili ya kuitwa Maman Pua, kona ile, lori lile. Nilikuwa na spana mkononi, na nilihisi uzito wake. Lakini na mimi nilikuwa na deni langu kifuani, na sikuweza kufungua mdomo kwa lake bila kulitoa langu. Nikakaa chini kwenye bati, mbele yake.

"Siku ya moto," nilisema, "nilisikia harufu ya majani. Kabla yako. Nilijua inaungua. Nikanyamaza."

Alinitazama. Sikuyaondoa macho, ingawa nilitaka.

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Nilisema moyoni utacheka."

Kuku alikuwa anachakura palepale penye majivu. Akauinua mkono wa kulia, ule mbaya, akauweka juu ya kichwa changu na bandeji yake yote, akauacha pale.

"Nani alikufunza kunyamaza?" alisema. "Ni miye."

Nililia. Yeye pia. Baadaye nikaenda kununua waya mpya, nikaivika, na kesho yake nikafunga katalizere, na juwe, zile gasketi, mpya mbele na nyuma ili moshi usivuje. Nilikaza nati zote kwa zamu, moja kidogo, nyingine kidogo, kama alivyoniambia, ili kopo likae sawa. Alisogeza kiganja chake cha kushoto nyuma, kwenye mdomo wa bomba, akaniambia niwashe. Kitambaa cha bandeji kikapepea. "Inapumua," alisema.

Siku ya soko, bandeji za vidole zikiwa zimefunguliwa, akasema atakwenda na mimi. Nilimvalisha koti. Nkanka tukapakia sambaza, Muganza tukaziuza, tukapakia mchele, magunia sita kamili kama siku ile. Majani sikuchukua. Mwenye shamba alishangaa. Nikamwambia mume wangu sasa analala kwenye bati.

Chini ya mlima niliwataja watoto. Madirisha yalikuwa wazi yote, langu na lake, na upepo ulikuwa wa baridi, manyunyu yanaanza. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kwenye kioo lori likatokea, kubwa, la saruji, likija na mwendo wake wote. Mume wangu aliliona kwenye kioo cha upande wake. Mguu wake ulikuwa unakanyaga mafuta ambayo hayakuwapo upande wake.

Kona ya tatu. Nikarudi gia ya pili, nikakanyaga. Injini ikanguruma. Nilingoja ule uchovu, ule mvuto wa nyuma. Lori likapiga honi. Nilikuwa nasikiliza kwa ngozi yote ya mwili, na sikuweza kutofautisha hofu na gari.

"Maman," alisema mume wangu, bila kunigeukia. "Uko nasikia harufu ya nini?"

Hakuwa ameniuliza swali hilo hata mara moja, tangu gari lile liingie uani kwetu. Nilivuta pumzi ndefu. Nikavuta tena, kwa kuwa alikuwa anangoja na nilitaka nimpe jibu la kweli. Gari lilikuwa linapanda.

"Sambaza," nilisema. "Sambaza peke yake."

Akanyoosha mkono wake wa kulia, akazungusha kishikio cha dirisha mlangoni kwa vidole viwili vilivyokuwa vinakunjika, taratibu, mara nyingi, mpaka dirisha lake likafungika.